Kabla ya Kurudi, Nenda Ukaone

Boseong, Korea ya Kusini
12 Septemba 1998

Yaya wangu Constance, dada yangu mkubwa,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Albert, na wote wanaopita uani kwenu kuomba moto au chumvi. Mimi ni mzima na nimenenepa. Mke wa Mzee Park ananilisha kana kwamba ananiandaa kwa sikukuu. Mzee Park ndiye mkulima niliyepangiwa na chuo, nalala kwake, nalima naye mpunga. Tunakula wali asubuhi, mchana na jioni. Pilipili yao wanaisifu kuwa kali, lakini wewe ungeila kama nyanya. Bugali nauota ndotoni.

Sasa neno lenyewe. Redio ya chuo imesema vita vimeanza tena kwetu Congo, na kwamba Uvira imetekwa. Mkuu wa chuo aliniita. Alisema tiketi yangu ya kurudi ipo, naweza kuitumia wiki hii au baada ya kozi, mwisho wa mwaka ujao. "Waulize wakubwa wako," alisema. Mkubwa wangu ni wewe. Baba hayupo, mama hayupo, na aliyenibeba mgongoni mpaka nikaanza kuota ndevu ni wewe.

Basi nauliza: nirudi au nibaki? Najua kuna neno moja hulitamki. Siku baba alipogombana na kaka Alphonse kwa sababu ya mtumbwi, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kitenge chako. Baba akamwambia, "Toka. Usirudi tena hapa kwangu." Alphonse akaenda kuchimba dhahabu Misisi, na udongo ukamfunika kabla hasira ya baba haijapoa. Tangu siku ile hujamwambia kiumbe chochote usirudi. Hata kuku wa jirani unamfukuza kwa kumwambia, "Nenda ukatembee kwanza."

Kwa hiyo sitakusumbua ulitamke. Unahitaji kunyamaza tu. Ukininyamazia katika jambo hili nitajua umesema ndiyo, nirudi, na nitapanda ndege.

Mdogo wako,
Bienfait


Baraka
30 Oktoba 1998

Bienfait wa mama,

Barua yako imeletwa na Placide, yule mwenye mashua ya Kigoma, ikinuka ndagala kiasi kwamba paka wa hapa ameifuata mpaka mezani. Ahsante. Tunamshukuru Mungu kwa unene wako. Félicité wa kanisani amejifungua mapacha na anatembea kama malkia. Mihogo imekubali. Kuhusu hayo ya redio: tuko. Tunashona, tunasali, tunakula. Redio haijui kila kitu.

Nina kazi ya kukupa, na usiidharau. Unaikumbuka kalenda aliyotuachia yule mgeni Kim, wa mambo ya mpunga? Ya mwaka 96. Miezi yake ilishakufa, lakini picha kumi na mbili za nchi yao bado ziko ukutani, juu ya cherehani yangu. Kila mama anayekuja kupimwa blauzi anauliza, "Hapa ni wapi?" Na mimi, mwenye ndugu huko huko, najibu sijui. Hiyo ni aibu, Bienfait.

Anza na mwezi wa tano. Kuna kilima cha kijani kimesukwa mistari kama kichwa cha msichana siku ya ubatizo wake. Chini yake pameandikwa jina, nimelinakili mwisho wa barua hii, vijiti na viduara kama vilivyo, nikiwa nimetoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwonyeshe huyo mzee wako. Kisha nenda ukapaone kwa macho yako, uniandikie ni nini, nani anakaa hapo, wanakula nini.

Unajua tulivyolelewa. Mtu aliyetumwa na mkubwa wake hageukii njiani, wala hapandi ndege kabla hajaleta jibu. Mimi nimekutuma.

Yaya wako,
Constance

Mimi Albert naongeza mstari wangu kama kawaida: shemeji, huko wanakula samaki gani? Usinijibu wali.


Boseong
13 Desemba 1998

Yaya,

Salamu kwako, salamu kwa mapacha wa Félicité, na salamu mara mbili kwa shemeji. Hapa baridi imeingia hata kwenye sabuni. Mimi ni mzima, ila nimekasirika kidogo. Nimekuuliza habari ya vita, wewe umenijibu kilima.

Lakini nimetumwa, nimekwenda. Mzee Park alivaa miwani, akaangalia vijiti vyako, akauliza ni nani ameandika. Nikasema ni dada yangu, hajui hata herufi moja ya hapa. Akasema mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na mimi niko hapa mwezi wa kumi sasa! Kumbe kilima chenyewe ni cha hapa hapa Boseong, nusu saa kwa basi.

Ni chai, yaya. Michai imepandwa ikifuata mwili wa kilima, mstari baada ya mstari, na inakatwa juu mpaka inakuwa laini kama mto wa kulalia. Pembeni kuna miti mirefu inayozuia upepo. Nilifika wakati wa maua, madogo, meupe, yenye moyo wa njano, yamejificha chini ya majani. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia njia alinikaribisha kikombe. Hawatii sukari wala maziwa. Nilikunywa kwa adabu.

Nikapanda mpaka juu. Kutoka pale unaona maji, na ng'ambo ya maji mstari wa milima, ya buluu. Nikadhani naiangalia Ubwari kutoka pwani ya Baraka. Nilikaa chini nikalia, nakuambia wazi, na yule bibi akaniletea kikombe kingine cha ile chai chungu.

Sasa kazi imekwisha. Rafiki mmoja ameandika kutoka Dar es Salaam kwamba watu wetu wanavuka kwenda Kigoma kwa mamia. Vuka, yaya. Vuka na shemeji. Kama huvuki, mimi narudi.

Shemeji Albert: wanakula mnyama wa baharini mwenye miguu minane na asiye na mfupa hata mmoja. Wanamkatakata, na vipande bado vinachezacheza sahanini. Nilipompeleka mdomoni alinishika ulimi.

Bienfait


Ubwari
21 Februari 1999

Mdogo wangu,

Uhai tunao, na kwa siku hizi huo ndio utajiri. Mapacha wa Félicité wanakua. Barua yako ya kilima nimeipata, nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Utaona nimeandika Ubwari juu. Tumekuja huku kidogo, msimu wa ndagala umekuwa mzuri. Usianze na Kigoma yako. Kigoma si kwetu. Kutoka hapa nikisimama asubuhi naiona Baraka ng'ambo ya ghuba, na jua likipiga bati la nyumba ya baba nalitambua kati ya mabati yote, kwa sababu ni mimi niliyelipaka lami. Nyumba isiyo na mtu wa kuiangalia husahauliwa. Mimi naiangalia. Kama redio ya huko imetaja kijiji cha Makobola, usiniulize.

Kalenda iko nami. Nilipotoka nilichukua kichwa cha cherehani, Biblia, na kalenda nikiwa nimeifunga tumboni chini ya kitenge. Mama Pulchérie tuliyekuja naye alinisema njia nzima: "Constance, watu banakimbia na mafuta, we unakimbia na mapicha?" Mwache aseme. Bado zimebaki kumi na moja.

Safari hii nakutuma mara tatu. Mwezi wa tatu: kijiji cha mawe, kimefunikwa na maua ya njano mpaka nyumba hazionekani. Mwezi wa nane: akina mama wako katika tope jeusi lisilo na mwisho, kila mmoja amepiga goti kwenye ubao. Wamepoteza nini mle? Mwezi wa tisa: shamba la mlimani lenye matuta ya mviringo, makubwa, ya majani mazuri. Hilo ndilo ninalolitaka zaidi. Sijaona watu wanaopiga matuta ya mihogo namna hiyo, na nimewaambia hivyo wanawake wote wa Baraka. Ulizia wanapanda nini ndani na wanavuna baada ya miezi mingapi.

Majina nimeyanakili. Usifanye haraka. Maua hayaamrishwi.

Constance


Boseong
9 Mei 1999

Yaya mpendwa,

Nakusalimu, na sitaki kukuficha: barua yako ilipofika sanduku langu lilikuwa limefungwa. Nilikuwa nimeshamwambia mkuu wa chuo naondoka Jumatatu. Mke wa Mzee Park alikuwa amenipikia chakula cha kuagana. Nikaisoma, nikalifungua sanduku, tukala kile chakula hivyo hivyo. Siwezi kuvunja utume wako. Lakini jua kwamba unanifunga kamba, na kwamba ninaiona.

Maua ya njano yako Gurye, chini ya mlima ambao juu bado ulikuwa na theluji. Yanatangulia majani, madogo kama chembe za mtama, lakini ni mamilioni, na yanapita juu ya kuta za mawe na kijito mpaka hujui nyumba inaanzia wapi. Wakati wa baridi miti hiyo hutoa tunda jekundu la dawa lenye mbegu ndani. Wanawake wa kijiji ndio waliokuwa wakiitoa hiyo mbegu kwa meno, tangu usichana. Bibi mmoja alinifungulia mdomo kunionyesha: meno yake ya mbele yamelika kama jiwe la kusagia. Akacheka. Alisema kwa meno hayo amesomesha watoto wanne. Nilimpenda palepale, alikuwa na macho ya dharau kama yako.

Akina mama wa tope niliwakuta Beolgyo. Lile tope ni chini ya bahari, yaya. Bahari ya hapa huondoka. Kila siku maji yanajiondokea mbali kabisa, mashua zinabaki zimekaa chini kama mbuzi waliochoka. Akina mama wanaingia, goti moja ubaoni, mguu mwingine unasukuma, wanateleza wakiokota chaza. Kisha maji yanarudi, nao wanatoka. Mara mbili kwa siku.

Na matuta yako. Yaya, si mihogo. Ni makaburi. Kila mtu wao anapewa tuta lake mlimani, upande wa jua, na majani yanapandwa juu. Mwezi wa tisa watoto wote wanarudi kutoka mijini na miundu kuyakata yale majani, wanakaa hapo, wanakula na wazee wao. Picha yako imepigwa siku hiyo.

Sasa zamu yangu kuuliza. Kwa nini unaandika "nilipotoka"? Mwanzoni ulisema mmekwenda kwa ajili ya ndagala. Na ule mstari wa shemeji uko wapi? Hajawahi kuniacha bila mstari. Nilimwandikia habari ya mnyama wa miguu minane, najua hawezi kunyamazia jambo kama hilo.

Bienfait


Ubwari
1 Agosti 1999

Bienfait wangu,

Tumeamka, tunakusalimu. Placide amechelewa miezi miwili, mashua yake ilizuiliwa, ndiyo maana.

Barua yako niliwasomea akina mama tukiwa mchangani tunaanika ndagala. Maua waliyapenda. Meno ya yule bibi waliyapenda zaidi. Nilipofika kwenye bahari inayoondoka Mama Pulchérie akaweka ungo chini. "We Constance, huyu mudogo yako iko na homa. Maji iondoke, irudi, kila siku? Inaendaka kutafuta nini?" Nilikutetea kwa mdomo. Moyoni nilikuwa upande wake. Nimezaliwa kando ya ziwa, nimeona maji yakikasirika, nimeona yakipanda mwaka wa mvua nyingi, lakini kwenda matembezi na kurudi, hapana. Nikaogopa. Nikajisemea, mtoto akianza kumtungia dada yake hadithi, kuna shida anaificha. Unakula? Kuna mtu anakutesa huko?

Ya matuta sikuwasomea, niliyaruka. Miaka mitatu nimewasifia watu makaburi nikidhani ni mihogo! Albert ndiye angecheka mpaka akae chini.

Nakuambia sasa, kwa sababu umeuliza na kwa sababu nimechoka kuandika nikiruka mahali. Mwisho wa mwaka Albert alikwenda Makobola, kwa dada yake Rosette, kuwapelekea ndagala wa sikukuu. Nilimfungia mwenyewe. Hakurudi yeye, wala Rosette, wala yeyote wa ile nyumba. Waliokwenda baadaye kuzika walizika wengi pamoja, haraka, kwa hofu. Nimeuliza kila aliyepita. Hakuna anayejua Albert wangu yuko wapi kati ya wale. Hana tuta, Bienfait. Habari ya mnyama wako wa miguu minane ilifika mwezi wa pili. Sikuwa na wa kumsomea. Niliisoma peke yangu, kwa sauti, na nikajibu kwa niaba yake, nikasema mambo machafu kidogo kama angeyasema yeye.

Ndiyo maana sikukuandikia. Nilijua utafanya nini.

Jambo jingine dogo. Unamkumbuka Ganza, yule kijana mrefu wa Mama Immaculée aliyekuwa akisoma Bujumbura? Alisikia mama yake ni mgonjwa, akarudi. Alikaa siku tatu, ya nne akazikwa. Mama Immaculée bado anamwekea chakula.

Nakutuma tena. Mwezi wa kumi ni mlima wa rangi zote, mwekundu na njano kama kitenge kipya. Mwezi wa kumi na mbili, nyumba ndogo chini ya kitu cheupe, na mti usio na jani hata moja lakini juu kabisa una matunda mekundu machache. Kwa nini hawakuyachuma? Uliza vizuri. Usikubali jibu la haraka. Kaa huko mpaka wakueleze.

Yaya wako


Boseong
10 Oktoba 1999

Yaya,

Sijui namna ya kusalimia katika barua hii. Nakushika mkono, ndiyo salamu yangu.

Nilipoisoma nilikuwa shambani. Nilikaa kwenye tuta la mpunga, na Mzee Park akaja akakaa pembeni. Hatuna maneno mengi kati yetu, nilisema tu, "Mume wa dada yangu." Alivua viatu vyake akatia miguu majini pamoja na yangu.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku yao ya makaburi. Aliniletea mundu. Tulipanda mlimani na wanawe waliotoka Seoul, tukakata majani kwenye tuta la baba yake, la mama yake, na la kaka yake aliyekufa katika vita vyao wenyewe. Hilo la mwisho, aliniambia, ndani hamna mtu. Mwili haukupatikana. Mama yao alikataa mwanawe akose mahali, wakazika koti lake la shule. Nililikata majani hilo mimi peke yangu. Nilifanya polepole. Mimi ni mtu wa kanisa, sikuinama wala kumwaga kinywaji, lakini jina la Albert nililitaja pale kwa sauti, na mzee akaitikia.

Sasa nisikilize. Mimi si mtoto. Najua unachokifanya tangu ile picha ya kwanza, ya mwezi wa tano. Unanifukuza kama kuku wa jirani: nenda ukatembee kwanza. Nimekutii kwa sababu nimetumwa, na pia, nisiseme uongo, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nimeona vitu vizuri kuliko mtu yeyote wa Baraka, na kila nilipofika nilikuwa na haya ya kuviona. Mlima wa mwezi wa kumi nimeupanda juzi. Ndivyo ulivyo, una rangi zote. Sikuweza kukaa juu hata robo saa. Matunda ya kwenye mti wanawaachia ndege, wasife njaa wakati wa baridi. Mzee Park alijibu haraka, na hakuna jibu jingine refu kuliko hilo.

Kozi inaisha Desemba. Tiketi yangu nimeisogeza mpaka tarehe 25 Februari ili jibu lako linikute, nayo ni ya kufika Kigoma. Kutoka hapo nitavuka na Placide kuja Ubwari. Habari ya Ganza nimeielewa. Nakuja hivyo hivyo. Picha zimebaki sita, lakini hata zingekuwa mia. Siwezi kuwa na dada mmoja duniani, naye yuko peke yake mchangani, mimi nikaenda kutazama maua. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kunizuia, nacho ni lile neno. Liseme kama unaweza. Ukilisema nitabaki. Ukininyamazia, au ukinituma hata mbinguni, nakuja.

Bienfait

Kuhusu bahari: sikudanganyi. Mzee Park amegonga muhuri wake mwekundu hapa chini, kama shahidi, kwamba maji ya Beolgyo huondoka na kurudi mara mbili kwa siku.


22 Desemba 1999

Bienfait, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu salamu ya Noeli. Wanaokusalimia ni wachache leo, nitakueleza kwa nini. Kwanza muhuri: Mama Pulchérie aliugeuza juu na chini, akaunusa, akasema, "Kumbe inaendaka kweli." Kwetu karatasi ikiwa na muhuri haina ubishi. Nakuomba msamaha kwa niaba ya ziwa zima.

Barua yako niliipokea tarehe 2. Nilikaa nayo siku nne, sishoni, sianiki. Siku ya tatu nilikwenda peke yangu kwenye mawe, mahali ambapo mtu hanisikii, nikajaribu kulitamka lile neno. Nilijiambia ni herufi chache tu, na mtoto atabaki hai. Mdomo ulifunguka, Bienfait. Nikamwona Alphonse akikunja shati lake la pili, akilitia katika mfuko wa plastiki, akisubiri labda baba aseme neno jingine. Halikutoka. Nililia kwa hasira, hasira ya mtu anayeshindwa kufunga mlango wakati mvua inaingia.

Nilirudi nikaisoma barua yako tena. Ile habari ya koti la shule. Usiku na mchana mwaka mzima nimekaa pwani ile nikimlinda Albert ambaye sijui alipo, na bati la nyumba ambamo sasa wanalala askari. Ndiyo, wanalala humo tangu mwezi wa pili, hilo pia nililiruka. Na mtu pekee anayepumua niliyebaki naye nimemwacha azunguke milimani na upweke wake, eti namlinda. Nilijiona mjinga. Nimeyasema mengi juu ya baba, lakini ukaidi wake nimeurithi wote, sikuwaachia ninyi hata kidogo.

Albert aliniachia shati moja la kazi, lililokuwa kwenye kamba siku aliyoondoka. Nililala nalo. Mama Pulchérie na mimi tulilizika Ubwari, juu ya mawe, mahali panapoonekana mashua zikirudi. Tulipiga tuta, la mviringo. Tulikoseakosea, tuta la kwanza lilikuwa la mihogo kabisa, tukacheka na machozi yakitoka. Placide aliomba. Sasa Albert ana mahali, na naweza kumwacha bila kumtupa.

Siku mbili baadaye nilipanda mashua. Nilikaa kwenye magunia ya ndagala na kichwa cha cherehani mapajani. Ziwa lilikuwa baya, nilitapika mbele ya watu kama mgeni. Baraka sikuiangalia. Niliogopa nikiiangalia nitaruka majini kurudi.

Kwa hiyo sitakutuma tena, na sikunyamazii. Jibu langu ni hili. Sikuweza kukuambia usirudi nyumbani, wala sikuweza kukuita uje ufe. Nimeihamisha nyumba. Iko Ujiji, mwendo wa miguu kutoka mjini Kigoma, kwa mama mdogo wake Placide, anaitwa Arlette, kila mtu pale anamjua kwa sababu ya sauti yake. Ni chumba kimoja cha udongo, mlango umeelekea barabarani. Bati lake linavuja upande wa kushoto. Nimeweka kitanda chako upande wa kulia.

Tarehe 25 Februari panda hiyo ndege. Ukishuka Kigoma usikubali mtu akuambie mashua ya Congo iko wapi, usiulizie. Uliza Ujiji, uliza Arlette, na kama wamelala, piga hodi mpaka nifungue.

Rudi nyumbani, Bienfait. Rudi.

Constance